Kitabu Nilimofia

Mimi nilikufa katika sura ya pili ya kitabu cha baba yangu. Sikuwa na habari mpaka binamu yangu wa Mombasa aliponipigia simu asubuhi moja, nami nimeinamia tanuri hapa Kismayo nabandika mikate ya mofa, jasho lanitiririka, wateja waniita huku na huku. Alikuwa akilia. "Pole," akaniambia. Nikamuuliza pole ya nini.

"Pole, umekufa."

"Wee, nina unga mikononi. Acha mzaha wako."

Hakuwa na mzaha. Binamu yangu huyu, mtoto wa shangazi yangu, ni mtu wa vitabu. Yeye na wanawake wenzake wana mtindo wa kupendekezeana vitabu vya watu waliopitia maisha magumu: aliyetoroka gerezani, aliyeuzwa na mamake, aliyezaliwa hana mikono. Kila mwezi huchagua kimoja, wakakutana, wakanywa chai, wakalia, kisha kila mmoja akarudi kwake roho kunjufu. Mwezi huo kilichopendekezwa kilikuwa cha mzee mmoja Mbajuni anayekaa Ulaya, fundi wa mashua wa zamani kutoka kisiwani kwetu Chula. Watu wa huko walikuwa wamekisifu mno, wakisema hakuna atakayekifunga na macho makavu. Binamu akageuza nyuma ya kitabu kutazama picha, akamkuta mjomba wake.

Akanifasiria kwa simu. Katika sura ya pili, baba yumo chomboni pamoja nasi, bahari imechafuka, mkewe anazama, binti yake anazama, na mwanawe mchanga anamfia mikononi mwake. Alipofika hapo nilimwambia anyamaze. Mikate iliungua. Nikawauzia watu vivyo hivyo, na aliyelalamika nilimtukana.

Sasa nitasema ilivyokuwa, maana mimi nilikuwapo.

Vita vilipotufikia visiwani, wenye bunduki walichukua injini, wakachukua nyavu, wakachukua mpaka masufuria. Baba akasema atatangulia Kenya na mashua ya kwanza, sisi tutamfuata. Nafasi ilikuwapo katika mashua ile. Nakumbuka vizuri, kwa sababu sanduku lake la vyombo vya kazi, misumeno na keekee na shoka, lilipangwa pale pale ambapo mama angeweza kukaa na mtoto mapajani. Vyombo vikasafiri. Sisi tukabaki pwani tunapunga mikono kama wajinga.

Tulimfuata na mashua mbovu iliyojaa watu. Tulipofika upande wa kisiwa cha Darakasi tanga likapasuka, maji yakawa yanaingia chini, ya kunywa yakaisha, na mkondo ukaanza kuturudisha tulikotoka. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, na maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Alikufa mchana, jua la utosi, mikononi mwa mama.  Mama aliendelea kumpepea kwa ncha ya leso. Mwanamke aliyekaa ubavuni mwake akamgusa mtoto mguu, akaukuta wa baridi, akapiga kelele.

Nahodha akaja. Akasema maiti haikai chomboni na watu wenye kiu. Mama akamkumbatia mtoto, na wale wanawake, ambao wengine tulikuwa tukila nao sahani moja, wakamfumbua vidole kimoja kimoja. Nahodha akamtwaa mtoto akamtia baharini. Hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hakuna hata mtu mmoja aliyemsalia. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa mama. Niliona yote.

Wavuvi wa kisiwa cha Chovae ndio waliotuokota. Tukarudi Chula, tukakaa.

Na mtu asije akamtetea baba kwamba maskini alidhani tumekufa. Hasha! Nahodha mwingine, mtu wa kwetu, alifika Mombasa akamkuta kambini. Akamwambia: mkeo yu hai, binti yako yu hai, mwanao wa kiume amekufa chomboni. Baba akampa jibu atuletee, mfuko wa sukari na neno moja: "Subirini." Sukari tuliinywa ikaisha. Neno mama alilishika.

Alisubiri, lo! Walikuja wanaume kumposa, tena watu wazuri, mmoja ana mashua yake mwenyewe. Mama akawajibu, "Mimi ni mke wa mtu." Siku ya ndoa yangu sheikh aliuliza walii wa bibi harusi yuko wapi, mama akasema yuko safarini. Watu wakacheka vicheko vya puani. Ndoa yenyewe haikudumu, lakini hiyo ni hadithi nyingine, na mume yule simwombei heri.

La sukari na la wachumba mama aliyastahimili. Lililomla ni la kaburi. Kwetu siku ya Idd, watu wakitoka kuswali huenda makaburini, na wanawake huwa na majani ya rehani yanukiayo na marashi, kila mmoja kwa maiti wake. Mama naye alikuwa akienda na rehani yake. Anazunguka baina ya makaburi, hana pa kuiweka, mwisho anaiweka kwa mtoto wa jirani. Idd moja jirani akamgeukia mbele ya watu wote akamwambia, "Huyu ana mamake. Katafute wako." Mama akaokota rehani yake tukarudi nyumbani. Hakukanyaga tena makaburini, na tulipohamia Kismayo nadhani alihama kwa ajili hiyo zaidi kuliko njaa.

Basi huyo ndiye mama niliyekwenda kumpa habari za kitabu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwambia mumewe ameandika kitabu, na ndani yake sisi tumekufa.

"Ametuua?"

"Ametuua."

"Haya. Na mtoto?"

"Amesema alimfia yeye mikononi."

Mama akaacha mchele. Mimi mama yangu namjua, si mtu wa machozi, ni mtu wa kukaza taya. Lakini siku hiyo alipaza sauti. "Mikononi mwake yeye? Mwanangu?" Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na huyu mzazi mwingine alikuwa ameuchukua uchungu ule akaupeleka Ulaya akaugeuza chakula. "Nataka aje," mama akasema. "Aje akae hapa mbele yangu aseme hakuwapo. Akishasema, na akafe anakotaka."

Na mimi nikataka hilo hilo. Sikutaka fedha za mtu, wala radhi, wala kukumbatiwa. Neno moja tu litoke kinywani mwake: sikuwapo.

Habari haikukaa ndani. Wateja wangu, Mungu awalipe wanachostahili, wakanipa jina. "Marehemu, nipe mikate mitatu." "Marehemu, huko ahera mwauza na sambusa?" Mzee mmoja kila akipita alinisomea Fatiha kwa sauti, kisha anacheka mpaka anakohoa. Nilicheka nao siku za mwanzo. Baadaye nikawa nampa jiwe la mkate, lile la chini lililoungua, kila aliyeniita hivyo.

Kisha baba akaumwa. Figo. Mke aliyemuoa huko alikuwa amekwisha kumwacha, na watoto wake wa huko, kwa maneno ya binamu, wana kazi nyingi. Akatuma salamu kwa binamu: anataka kurudi kwao, afie kwa watu wake. Watu gani? Nilimwambia binamu amjibu kwamba watu wake walizama. Mama akaninyang'anya simu. "Mwambie aje," akasema. "Nyumba ipo."

Akaja. Alishuka kwenye bajaji mlangoni petu, amevaa koti kwenye joto lile, amekonda, miguu imevimba, mkononi ana mfuko wa dawa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mkubwa. Huyu alikuwa kizee kinachotafuta pa kushika. Chuki yangu haikupungua hata chembe, na nilifurahi kuona haikupungua.

"Asalam aleikum," akasema.

"Waaleikum salaam," nikamjibu. "Wanijua mimi nani?"

Akanitazama sana. "Wewe ni mwanangu."

"Mwanao amekufa. Hukusoma?"

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, maana mtu kutoka Ulaya hafiki bila kutazamwa, na mama akawaambia waingie. Alitaka mashahidi. Akamkalisha baba kwenye mkeka, yeye akakaa mbele yake, mtandio ameufunga kichwani kama mtu anayekwenda kufanya kazi. Hata maji hakumpa.

"Sema," mama akamwambia. "Hayo uliyowaambia watu wa huko, tuambie na sisi. Kwa maneno yetu."

Baba akaomba asiseme. Mama akamwambia kama hasemi, bajaji bado iko nje. Basi akasema. Mwanzo kwa kukwamakwama, halafu, lahaula, ulimi ukamfunguka! Alikuwa ameyasema maneno yale mara nyingi mno mbele ya wageni, kila pumziko lilikuwa na mahali pake. Mawimbi. Kelele. Mkono wa mkewe ukimponyoka. Mtoto kifuani mwake akipumua pumzi za mwisho. Wanawake mlangoni wakaanza kufuta machozi, wanawake hao hao wanaomwona mama yangu sokoni kila uchao.

"Mwongo!" nikasema. "Ulikuwa Mombasa na misumeno yako! Sema hukuwapo!"

Akanigeukia. Macho yake hayakuwa na hila, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilikuwapo," akasema. "Uzito wake ninao hapa, mpaka leo." Akajigusa mkono.

Nikamtazama mama. Nilingoja amrukie. Nilingoja amtolee yale yote aliyoyafungia mdomoni tangu mimi mtoto. Mama alikuwa ameinama mbele, uso umemlegea, namna nisiyowahi kuiona.

"Kisha?" akamuuliza.

Nilikuwa nimemnyamazisha binamu kabla ya kufika huko, basi sikujua kama kuna kisha.

"Kisha chombo kikatutupa Darakasi," baba akasema. "Nikamzika pale, juu ya mchanga mkavu, mahali bahari haifiki."

"Ulimuosha?"

"Nilimuosha."

"Sanda?"

"Nilipasua kanzu yangu."

"Ulimsalia?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo, ya kuomba.

"Nilimsalia. Nikamlaza ubavu wa kulia, nikamwelekeza kibla. Nikamwekea jiwe kichwani na jiwe miguuni. Nikammwagia maji." Akanyamaza, mahali pale pale ambapo bila shaka hunyamaza siku zote. "Na dadake maji yalimleta asubuhi. Nikamzika kando yake."

Mama akatoa mlio. Si kilio cha msiba, ulikuwa mlio wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akamshika baba mkono, ule ule aliosema una uzito, akauweka shavuni pake, akalia mbele ya majirani, yeye ambaye hakulia chomboni. "Darakasi," akawa anasema. "Yuko Darakasi. Mahali bahari haifiki."

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama! Weye ulikuwapo! Nahodha alimtupa, niliona, walikufumbua vidole, weye wajua! Hakuna kaburi Darakasi. Mimi niko hapa, nishike, mimi ndiye niliyekaa nawe miaka yote hii, huyu hakuwapo!"

Mama akanitazama. Alikuwa na akili zake zote, msije mkajidanganya kwamba zilimruka. Alinijua mimi nani. Akapangusa machozi kwa kiganja, akaniambia polepole, kama anavyonituma dukani:

"Nimekusikia. Lakini mwanangu hapati kaburi mpaka na wewe uwe umelala kando yake. Basi lala, mama. Lala, unyamaze."

Kisha akaniamuru nikachemshe chai, na nitandike kitanda. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Baba analala chumbani mwangu.