Karatasi ya Maswali Aliyoiacha Somoe

Leo siku ya tano, na bado nikisikia mfuniko wa ndoo ukigonga getini nageuka. Kichwa kinajua, shingo haijakubali.

Mimi kuandika si kazi yangu. Shule niliishia kidato cha pili kule Singida. Lakini wengi mlikuwa mnamwona kwenye picha zangu humu, mnauliza yule dada wa ndoo ni nani. Nawaambia leo, maana hayupo tena.

Anaitwa Somoe. Alikuwa anauza uji hapa Songea, nje ya ghala la mahindi tunalopakia magunia. Asubuhi anauza, mchana anapanda baiskeli kwenda chuoni. Alikuwa mwaka wa mwisho, anasoma sosholojia.

Nilimuuliza hiyo sosholojia ni kitu gani. Akasema, "Ni kuuliza kwa nini, pale ambapo kila mtu ameshazoea."

Madereva wa malori walikuwa hawamwachi. "Dada, si ungesoma unesi ukachome watu sindano? Hiyo kozi yako itakupeleka wapi?"

Akawajibu huku anachota uji. "Wa sindano wapo wengi. Wa kukuuliza umefikaje kuumwa ndio hatuna."

Siku lori likichelewa alikuwa anatusomea notsi zake za historia. Akatusomea habari za manamba, watu wa huku kusini waliochukuliwa kwenda kukata mkonge mbali na kwao. "Babu yangu alitoka Mbesa akaenda kwenye mkonge. Na wewe kaka Singida umetoka kwenu kuja kubeba mahindi ya huku. Mbona hakuna anayeuliza?"

 Siku hiyo nilijiona ni mtu ambaye habari zake zinaweza kukaa kwenye kitabu.

Sasa niseme kinachonimaliza.

Hapa kazini kila asubuhi tunasimama mstari. Msimamizi anapita anauliza, "Nani anaumwa?" Hakuna anayenyoosha mkono. Ukinyoosha unarudishwa nyumbani, na kesho yake nafasi yako ina mtu mwingine.

Somoe alikuja na karatasi za maswali, utafiti wake wa kumalizia chuo, kuhusu afya ya wabeba mizigo. Tulikuwa kumi na wanne. Akatuuliza mmoja mmoja unaumwa wapi, tangu lini, unalalaje.

Wote tukamjibu kama tunavyojibu kwenye mstari. Siumwi. Nalala vizuri. Sina shida.

Hakuna aliyetutuma. Hata hatukupanga. Midomo imezoea tu.

Aliponifikia mimi akakunja uso. "Kaka Singida, unanuka dawa ya kuchua mpaka uji wangu unabadilika ladha. Na wewe huumwi?"

"Siumwi, dada. Andika hivyo."

Akaandika. Alisema kwenye masomo yao ni marufuku kumwandikia mtu jibu ambalo hakulitoa mwenyewe.

Mwalimu wake akamrudishia kazi. Alisema haiwezekani wanaume kumi na wanne wabebe magunia kutwa asipatikane hata mmoja mwenye mgongo unaouma. Arudi field, atafute watu wengine, la sivyo hamalizi mwaka huu.

Alikuja kutuambia, wala hakukasirika. "Mmenifelisha, kaka zangu." Akacheka, na sisi tukacheka.

Hata pale nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikishika kikombe cha uji kwa mikono miwili nikaendelea kunywa, kwa sababu msimamizi alikuwa amesimama hatua chache kutoka tulipo.

Ndipo akaamua kwenda Namtumbo kwa vibarua wa tumbaku. "Huko labda nitapata watu wanaoumwa," alisema.

Alikwenda siku mbili. Ya pili, wakati wa kurudi, mvua ilikuwa inanyesha. Bodaboda ikateleza kwenye kona. Hakufika hospitali.

Msiniandikie kwenye komenti kwamba ni ajali tu. Najua ni ajali. Najua pia kwamba angekuwa na majibu yetu, asingekuwa kwenye barabara ile.

Walimpeleka kwao Mbesa. Mama yake, kama kuna mtu atakusomea haya, shikamoo mama. Sikuja kuzika. Nilikuwa kwenye mstari. Msimamizi akauliza, "Nani anaumwa?" Nikaangalia viatu vyangu.

Siku unazikwa, Somoe, mimi nilisema siumwi.

Jana mdogo wako alikuja kuchukua vitu vyako kwenye chumba ulichopanga Bombambili. Akanipa karatasi moja ya maswali ambayo haikujazwa. Sijui kwa nini alinipa mimi. Nimeijaza leo, na nayaandika majibu hapa hapa. Msimamizi yumo humu, ataona. Aone.

Naumwa mgongo, mwaka wa sita huu. Goti la kulia halikunji vizuri. Mkono wa kushoto unakufa ganzi nikiamka, nauchua kwanza ndipo nashika mswaki. Kulala nalala kwa upande mmoja tu.

Kwa nini naendelea? Kwa sababu nyumbani wanaamini nina kazi nzuri. Hayo niliwaambia mwenyewe.

Najua chuo hakiwezi kupokea karatasi hii. Haitakusaidia kitu. Wewe ungekaa, ungeisoma taratibu, ungeuliza na swali jingine ambalo halimo. Sasa hakuna wa kuuliza, na kesho mstari uko pale pale.

Swali la mwisho uliandika, "Umewahi kumwambia mtu yeyote?"

Hapana, dada. Wewe ndiye wa kwanza.

Ulale sasa, Somoe. Nimekujibu, nimechelewa.