Pini Inayoanguka

Mama mshonaji wa mtaa wa Black Rock, ugenini, huangusha pini makusudi. Mguu wake wa kushoto uliliwa na polio utotoni, huko Bukavu. Wa kulia ndio uliobeba kazi yote, na siku hizi nao umeanza kulegea. Ukitetemeka mbele ya mteja, pini huanguka, naye hukaa sakafuni akiitafuta mpaka nguvu zirudi. Alipoandikiwa mazoezi alifurahi, maana kazi haijawahi kumtisha. “Mara kumi, Mama, kisha upumzike,” alisema mtaalamu wa viungo kupitia mkalimani wa simu. “Weka ishirini.” “Basi nane.” Akaduwaa: tangu aanze kununua vitambaa hajaona muuzaji anayeshusha bei mteja akipandisha. Nyumbani akafanya arobaini kwa siri, na siku tatu akatembea ameshika ukuta. Mtaalamu alipomwona akasema, “Misuli hii si mivivu, Mama, imechoka. Ukiendelea kuimaliza, hutasimama tena. Acha kabla hujachoka.” Hilo la kuacha kabla ndilo lililomshinda.

Jumamosi hii anapinda gauni la harusi la Josiane, ambaye amesimama wima kama mshumaa. Upindo umefika nusu, na mguu bado haujatetemeka. Umekuwa mzito tu. Vidole vinalegeza pini, kisha vinaikaza tena. Anaichomeka kwenye kola yake, anavuta kiti, anakaa. “Mama, unaumwa?” “Bon, haya, mimi nimekaa. Zunguka wewe, polepole. Miguu yako ingali mipya.”