Kidato cha Thelathini na Moja

Asubuhi ya mtihani Theophila Hippolyte alishindwa hata kumeza mkate. Chai yake ya kakao ilipoa mezani, naye amesimama mlangoni na viatu vya kanisani, midomo inamchezacheza kwa tarehe za vita.

"Mama, hebu kaa ule," binti yake Marvelle alimwambia. "Umewatembeza watu miaka ishirini na miwili. Leo unaogopa nini?"

"Miaka yote hiyo mwenye kuuliza nilikuwa mimi. 'Mmechoka? Mna kiu?' Leo naulizwa mimi, mwanangu."

Tangu usichana wake alikuwa akisimama kwenye gati la mji wa Bellefosse na mwavuli wake mwekundu, akiwapokea wageni wa meli na kuwazungusha mjini: ngome ya juu, gereza la kale, maghala ya sukari, ngazi za mawe. Leseni hakuwa nayo, na hakuna aliyemwuliza. Mwaka huo ikatoka amri: asiye na leseni asivuke lango la gati. Alama zilizotakiwa mtihanini ni sabini kwa mia. Ukikosa, urudi baada ya miezi mitatu.

Walikuwa wawili siku hiyo, yeye na Lambert Mondésir, bwana wa miaka thelathini na kitu aliyekihifadhi kitabu cha waongozaji mpaka nukta zake. Mtahini alikuwa Bwana Cazaubon, mwalimu mstaafu, mkavu kama samaki wa chumvi. Kalamu yake iliandika bila yeye kuitazama.

Kule ngomeni Theophila alianza vibaya.

"Mizinga hii iliwekwa na nani?"

"Wafaransa, Bwana."

"Waingereza, Bi Hippolyte."

Kalamu ikakwaruza. Gerezani alijikaza, akakieleza chumba kisicho na dirisha mpaka Bwana Cazaubon mwenyewe akarudi nyuma hatua moja. Kwenye maghala akachanganya miaka miwili, na kalamu ikakwaruza tena. Alipiga hesabu kichwani: akikosa swali moja zaidi, basi.

Wakafika kwenye ngazi za mawe zinazoteremka bandarini. Meli ilikuwa imeshatia nanga, na wageni wameanza kumiminika.

"Zamu yako," Bwana Cazaubon alimwambia Theophila. "Kidato cha thelathini na moja kina shimo. Lilitokana na nini? Alama tano."

Lambert alisonya kwa wivu. "Bahati yako, Ma Philo. La watoto wadogo hilo!"

Theophila akalitazama lile shimo. Jibu alilijua kuliko mtu yeyote duniani, kwa kuwa alilitunga yeye.

Ilikuwa siku ya mvua, miaka ishirini iliyopita. Alikuwa akimsimulia mgeni mmoja habari za wanawake waliobeba makaa ya mawe kwa vikapu, kichwani, kuyapeleka kwenye meli za moshi. Mgeni akapiga miayo. Theophila akaona haya, akaona na riziki inamponyoka. Basi pale pale akamzua bibi harusi aitwaye Célimène, ambaye mchumba wake alinyongwa na askari asubuhi ya ndoa, naye akakanyaga jiwe kwa uchungu hata kisigino kikaacha alama. Mgeni alilia. Kesho yake wengine wakaja wanamwulizia bibi harusi. Waongozaji wenzake wakaidaka hadithi, na mwaka jana ikachapwa kitabuni, ukurasa wa kumi na tisa. Uongo wake ukavaa suti, ukaingia ofisini.

"Bi Hippolyte, tunakusubiri."

Neno moja tu, Célimène, na leseni ni yake. Akafungua kinywa. Kilichomjia machoni ni Man Titine, bibi yake mzaa mama, na ule upara uliomkaa utosini mpaka kufa, nywele zimelika kwa kikapu.

"Ni wanawake wa makaa," alisema. "Hapa ndipo walipogeukia na mzigo kichwani. Kila mmoja alikita kisigino pale pale asianguke. Bibi yangu alikuwa mmoja wao."

Lambert akamtumbulia macho.

"Ma Philo, umerukwa na akili? Célimène je? Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikudanganya, Lambert. Hakuna Célimène. Nilimtunga mimi."

"Kitabu kinasema bibi harusi," Bwana Cazaubon alisema polepole.

"Kitabu kilinisikia mimi, Bwana."

Akachomoa pini ya nywele, akapiga magoti na viatu vyake vya kanisani, akachokoa mwanya wa jiwe. Punje nyeusi zikatoka. Bwana Cazaubon akainama, akazisaga kwa vidole, akazitazama kwa muda mrefu.

"Makaa," alisema. Kisha akajifuta kwa leso. "Lakini mimi nasahihisha kwa kitabu."

Kalamu ikakwaruza.

Alipata sitini na nane. Lambert alipata themanini na nane, na hakusherehekea. Alimsindikiza mpaka kona ya soko, akamwambia, "Ma Philo, si ungesema Célimène tu? Ungeungama baadaye."

"Hiyo baadaye nilikuwa nayo miaka ishirini," Theophila akajibu, akaingia zake sokoni.

Miezi mitatu alikaa nje ya lango, akiuza maandazi na samaki wa chumvi pamoja na Marvelle, akiwatazama wenzake wanavyopita na wageni. Wengine walimcheka. "Bibi harusi hajambo?" Katika mwezi wa pili Bwana Cazaubon akaja, akanunua andazi, akatoa karatasi mfukoni. Ofisi inayotoa leseni ingekubali kuifuta hadithi kitabuni endapo aliyeitunga angekiri kwa maandishi.

"Watanifungia lango kabisa?" aliuliza.

"Hilo sina ahadi nalo, Bi Hippolyte. Sikufichi."

Marvelle akamshika mkono. "Mama, usiandike."

Theophila alipangusa mafuta vidoleni, akaandika jina lake lote, na la Man Titine chini yake.

Hawakumfungia, na bibi harusi akafutwa kitabuni. Katika mtihani wa pili mizinga akawapa Waingereza, na akapata sabini na nne. Marvelle alipoambiwa alipiga kelele mpaka soko zima likageuka. Theophila mwenyewe alikaa juu ya ndoo, akaomba maji.