Nilipanda na Deo, Nikashuka Peke Yangu

Waitu, ndugu zangu, hapa Kamachumu mdomo wangu mnaujua. Naongea mpaka mnanichoka. Lakini hili nimelikalia mwaka mzima, na leo nalisema mama yangu akiwa amekaa pale mbele.

Nilikuwa mzima wa afya. Kila asubuhi nilikimbia vilima vya Kitendaguro kabla ya kufungua saluni yangu Bukoba mjini. Mdogo wangu Deo tulikimbia wote. Nikimshinda, ananuna mpaka mchana. Tukajiandikisha mbio za siku mbili, kupanda Kilimanjaro hadi juu na kuteremka. Tulijiona tumeiva!

Mfukoni nilibeba akamwani, kahawa yetu kavu ya kutafuna, ile anayopewa mgeni akiingia. Si mnajua, njaa ikikubana shambani unatafuna, mwili unachangamka. Nikasema mlima utatutambua.

Siku ya kwanza Deo alishikwa na kichwa, akatapika. Nikamtia akamwani mkononi. "Tafuna, acha kudeka." Alitafuna, akachangamka, nami nikajisifu. Kesho yake akaanza kuyumba kama mlevi. Mimi mwenyewe kifua kilibana, nikakohoa povu lenye damu. Nikalifukia kwa kiatu asilione.

Karibu na kilele alikaa chini. Midomo ilikuwa ya bluu, kifua kinakoroma kama chungu jikoni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Waokoaji walipofika, Deo alikuwa hapumui tena. Mimi nilizimia wakinishusha.

Nilizinduka hospitalini, mpira wa oksijeni puani. Daktari, mama mmoja mpole, aliniambia, "Mapafu yenu yalijaa maji kwa sababu ya urefu wa mlima. Dawa ya kwanza ni kushuka."

"Na kahawa niliyompa?"

"Kahawa haikumuua. Ilimpa nguvu ya kuendelea kupanda."

Aisee, heri angenichapa makofi.

Mapafu yalipona. Nilipofika nyumbani, Deo alikuwa ameshazikwa kibanjani, kati ya migomba. Mama aliniuliza, "Mwanangu alisema nini mwisho?" Nikamjibu alikuwa anacheka, ananitania kwamba nakimbia kizee.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru walionibeba, na ninyi mliomzika ndugu yangu mimi nikiwa kitandani. Nanyi vijana mnaotaka milima, kichwa kikiuma huko juu, usijikaze. Mwambie mwenzako, mshuke wote, hata kama kilele mnakiona.

Mama, nilikudanganya. Deo hakucheka. Asubuhi ile, kabla hajaanza kuyumba, alinishika mkono akasema, "Dada, turudi nyumbani." Alisema mara tatu. Nikamwambia, "Rudi wewe."

Hakukubali kuniacha.