Mbele, Ndani au Nyuma

Kazi yangu ya maisha imekuwa kutazama picha za eksirei za makundi ya galaksi. Galaksi ni kama jiji la nyota. Kundi ni majiji mengi yaliyoshikana kwa uvutano, na kati yake imetanda gesi ya moto mno, ambayo macho hayaioni lakini eksirei huifichua. Kabla ya kuipima gesi hiyo, hukagua kila doa linalong'aa. Limo ndani ya kundi, liko mbele yake, au liko nyuma? Picha peke yake haisemi, kwa kuwa vya mbali na vya karibu vyote huonekana bapa moja. Vijana ninaofanya nao kazi wanasema nina ukaidi wa madoa. Waniache. Doa moja nusura lininyime shule.

Ilikuwa Tanga, miaka ya hamsini. Nilipata nafasi katika shule ya wasichana huko bara, na sharti lao lilikuwa picha ya kifua, maana kifua kikuu kilikuwa tishio. Bibi yangu aliyenilea, mzaliwa wa Kigombe, alikuwa amenivika hirizi tangu uchanga: kidude cha fedha cha mviringo, kadiri ya punje ya hindi, kwenye uzi mweusi. Ndugu zangu walionitangulia walikufa wachanga wote, na yeye ndiye aliyewaosha. Mimi niliyevikwa nikaishi. Kwa bibi, mjadala uliishia hapo.

"Wakikwambia vua, vua mkufu na herini," aliniagiza. "Hiyo isukume mgongoni, ujitande kanga. Hamadi kibindoni, silaha mkononi."

Nikafanya hivyo. Nikabana kifua kwenye bamba la baridi, nikazuia pumzi, nikaona nimewapata.

Siku ya majibu daktari aliiinua picha dirishani. Kwenye pafu la kulia palikuwa na doa jeupe. Aliligusa kwa kidole, akasema nirudi baada ya miezi michache atazame kama limekua. Shule ilikuwa inafunguliwa mwezi uliofuata, na nafasi yangu ingepewa mwingine. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Mchana ule nilijitupa chali kitandani. Kitu kikanichoma mgongoni, upande wa kulia, palepale alipogusa daktari kwenye picha. Nikapapasa: ni hirizi. Nikainuka, nikaenda uani kumweleza bibi.

Alikuwa anakuna nazi. Akaacha.

"Kwa hiyo mashine yao haijui mbele wala nyuma?"

"Haijui, bibi."

"Na ukubwa wote ule."

Akarudi kukuna nazi, na mimi sikuthubutu kumwomba niivue. Nilikuwa na hasira naye, tena nilimwonea huruma, na shule niliitaka vilevile.

Asubuhi tulirudi hospitali. Nilimweleza daktari; akacheka kidogo, akakubali nipigwe picha tena. Mlangoni mwa chumba cha eksirei bibi alinishika bega, akanigeuza. Nilidhani ataifungua ile hirizi. Vidole vilishindwa na fundo, akaukata uzi kwa meno.

"Utakaa bila hiyo kiasi gani?"

"Pumzi moja tu, bibi."

"Haya, nenda. Mungu yupo."

Niliingia. Nilipotoka nilimkuta amesimama palepale nilipomwacha, ngumi kaifumba, midomo ikimcheza kwa dua. Tukangoja kwenye benchi. Daktari alipotuita, picha ilikuwa safi, mapafu yote mawili. Alisaini karatasi yangu.

Nje nilimpa bibi mgongo, nikainamisha shingo anifunge tena. Nilingoja. Uzi haukunigusa. Nilipogeuka, alikuwa anakitazama kifua changu kinavyopanda na kushuka, kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Kisha akaifunga hirizi kwenye pindo la kanga yake mwenyewe.

"Mbona unapumua," alisema.