Kamera mbili zilivyonisingizia kumkenulia baba mkwe, Kyela

Wakuu, mnaostahili shikamoo pokeeni, wengine mambo vipi.

Humu hamna chai. Yamenikuta mimi mwenyewe, na mume wangu yuko hapa pembeni anasoma kila mstari ninaoandika.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila anayerudi kutoka nje anashuka na kamera. Mimi, Tupo, nilikuwa na-edit video za harusi kwenye studio moja Mbeya mjini. Nikapata mchumba, Ambakisye, wa Ngonga, kwao wakulima wa mpunga.

Harusi yetu ilipigwa na wenzangu wa studio. Ku-edit nikamwachia mwenzangu mmoja, maana nilishahamia kijijini kuwa mke wa mtu.

Sasa tuelewane kwanza jambo moja.

Kwa Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa haonani na baba mkwe. Wenyewe wanaita ukutila. Akija huku, wewe unapita kule. Mkigongana njiani unajifunika unaingia migombani. Siyo ugomvi, ni heshima. Na ukivunja, siyo jambo la kuchekewa.

Mkanda ukaletwa. Baba mkwe akawasha jenereta, ukoo ukajaa sebuleni.

Mimi nikawa jikoni. Sebuleni baba mkwe yumo, nitaingiaje?

Nikasikia vigelegele, vicheko, halafu kimya. Kile kimya cha mtu kuvunja sahani ugenini.

Mume wangu akaja jikoni kapauka.

"Tupo, ulisimama mbele ya baba?"

"Baba yupi?"

"Baba! Kwenye mkanda anaingia getini, wewe umesimama kichwa wazi unamkenulia meno yote."

Wakuu, siku ile ya harusi wifi yangu aliposikia baba mkwe anakuja alinitupia kitenge, nikakimbilia kwenye mikakao nyuma ya jiko. Nilijikwaa hadi nikapoteza kiatu. Sasa naambiwa nilikuwa getini nacheka.

Mtauliza, si baba mkwe mwenyewe aseme kama aliniona? Aliingia ameinamisha macho, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo hakuwa shahidi wa chochote, na wifi wakasema ananitetea tu.

Mjomba wake mume ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Namsikia kupitia ukutani: "Huyu arudishwe kwao Ngana. Wazee wake waje watueleze walimfunza nini!"

Niliogopa jamani. Ndoa ilikuwa bado changa, hata sufuria za zawadi zilikuwa na karatasi zake. Kesi yangu inasikilizwa na mimi siruhusiwi kuingia.

Nikamuuliza mume wangu, "Hizo picha zangu, watu wanatembeaje?"

Akafikiri. "Taratibu. Watu wamesifia, wanasema mlikuwa mnacheza kwa madaha."

Hapo nikajua.

Tulikuwa na kamera mbili. Ya studio ilipiga frame 25, yaani picha 25 kwa sekunde, mfumo wetu. Ya pili ilikuwa ya shemeji, aliitoa Japani, inapiga 30. Wale wa 29.97 tulieni, nakuja kwenu.

Mwenzangu alizipanga zote kwenye timeline ya 25, akazianzisha pamoja kwenye kengele ya kanisa. Program ikachukua frame za Japani moja moja na kuzicheza kwa mwendo wa 25. Mwanzo huoni kitu. Lakini picha zinazidi kuchelewa, mpaka saa inakaribia kuisha ziko nyuma dakika nyingi tu. Na sauti ya kamera ile alikuwa ameizima akaweka muziki, basi hakuna cha kumshtua.

Baba mkwe alipigwa na kamera ya studio. Mimi nilipigwa na ya Japani. Kwa hiyo yeye anaingia saa yake, mimi naonekana nikicheka kicheko cha kabla hajafika, mawifi wakinitania.

Nendeni mkawaeleze hayo wazee wa Ngonga.

Nikamwambia mume wangu, "Rudisha mkanda nyuma. Tafuta mtu mmoja anayeonekana kote kuwili."

Akaenda. Nikasubiri, nimeshika mwiko sijui nakoroga nini.

Mara nikasikia mtu anacheka. Mmoja, wawili, halafu sebule nzima.

Mjomba! Picha ya kwanza anaingia getini ubavuni kwa baba mkwe, kashika mwavuli. Inakata, naonekana mimi, na nyuma yangu mjomba kakaa kwenye benchi anakula ndizi za mbalaga. Inakata tena, mjomba getini na mwavuli.

Mume wangu akamuuliza kwa adabu, "Mjomba, hapa ulikuwa wapi?"

Mjomba akasema mitambo ya siku hizi haina adabu. Kesi ikafungwa.

Nikapanda Mbeya kurekebisha mwenyewe. Nikaiambia program kamera ile ni 30, bado mwishoni ikateleza sekunde chache. Ndiyo, wakuu, kamera hizo hasa ni 29.97, si 30 kamili. Nikaiweka hiyo, kila kitu kikakaa. Baba mkwe anaingia getini, mimi sipo.

Nikapeleka mkanda sahihi, nikaomba ule mbovu nikaufute. Mama mkwe akasema haujulikani ulipo.

Miaka ikaenda. Nikazaa, nikalima, nikampikia baba mkwe chakula kikabebwa na wengine. Sikuwahi kuzungumza naye hata neno moja. Akafariki.

Baada ya matanga mama mkwe akaniita chumbani. Akafungua sanduku la marehemu, akatoa ule mkanda mbovu.

"Mwanangu, baba yako alikuwa anauweka akidhani nimekwenda sokoni. Anaangalia pale unapocheka tu, halafu anazima. Nilimfuma, akaniambia, 'Usimwambie mtu. Nami nilitaka kumjua mkamwana wangu sura.'"

Nililia kuliko nilivyolia msibani.

Nilichojifunza: wanaoanza ku-edit, angalieni frame rate ya kila kamera kabla hamjakata chochote, na msizime sauti mpaka mmehakikisha sync, kamera zote zinakwenda pamoja. Na kosa likishatoka nyumbani kwako, usilikimbilie kulifuta, huenda kuna mtu analihitaji.

Ninachoomba kwenu, hasa watu wa Mwaya, Ngana na huko kote: kumtazama mkamwana kwenye TV kunahesabika kuvunja ukutila? Wazee wetu hawakuwahi kuliamua. Semeni mnavyojua, mume wangu naye anasubiri majibu.