Siku Trekta ya Baba Njeri Ilienda Bila Dereva

Hii stori mimi huwa sipendi kuipeana, na mke wangu akianza kuisimulia mbele ya wageni mimi huinuka nikajifanya naenda kununua maziwa, hata kama maziwa iko. Lakini kwa vile mmenishika leo, na kwa vile siku hiyo kila mtu alirudi nyumbani na miguu yake yote miwili, wacha niwaambie mimi mwenyewe, maana Njeri huongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa mashine ndogo ndogo. Jenereta, pampu ya maji, posho mill, kitu yoyote iko na injini na kelele, niletee. Naishi Kianda lakini kibanda changu kiko Kawangware 56, nyuma ya hardware, na hapo ndipo Njeri aliniletea jenereta ya saluni yake, nikaitengeneza, ikaharibika, nikaitengeneza tena, mpaka watu wakaanza kusema hiyo jenereta haina shida yoyote, shida iko kwa wenyewe. Sasa babake ni mwenyeji wa kule 46, hapo hapo Kawangware, wale watu ambao shamba lilikuwa lao kabla plot hata moja haijajengwa, na ingawa amejenga nyumba za kupangisha pande zote, katikati ameacha uwanja wa nyasi na hakuna mpangaji anaruhusiwa kuanika hata soksi hapo. Huo uwanja anaukata mwenyewe, amekaa juu ya trekta ndogo nzee aliyouziwa zamani na mzungu fulani aliyekuwa anahama. Njeri alinionya mapema: "Ukitaka kuelewana na baba, usimbishie siasa na usicheke trekta yake."

Basi tukapanga watu wangu watoke Bungoma waje kujua nyumbani kwao, vile Wakikuyu hufanya kabla mambo ya ruracio, yaani mahari, kuanza. Na wiki hiyo hiyo, trekta ikaanza ujinga. Ikipita tu kashimo kadogo, inazima. Mzee akaniita.

"Si wewe ndio fundi?" akaniuliza. (Jina langu ni Wafula, na alikuwa analijua vizuri sana.) "Watu wenu wanakuja Jumamosi. Nitawapokea na nyasi iko kwa magoti?"

Nikainua kiti, nikaona shida mara moja. Chini ya kiti kuna swichi. Ukikaa inajua kuna mtu, ukitoka inazima mashine, ndio zile visu za chini zisikate mtu. Kuna ingine kwa pedali ya breki, na ingine kwa ule mkono wa kuwasha visu, lakini hii ya kiti ndio ilikuwa imeoza kabisa, ukiitingisha inalia kama njugu kwa mkebe. Nikaenda nayo Kirinyaga Road, nikazunguka duka kwa duka, jamaa mmoja akaigeuza geuza akaniuliza kama ni ya friji. Mwingine akasema anaweza kuniagizia, lakini nisahau mambo ya Jumamosi.

Sasa, kila fundi wa jua kali anajua dawa ya swichi iliyokataa. Inaitwa direct. Unatoa swichi, unasokota zile waya mbili pamoja, unafunga na tepu nyeusi, maisha inaendelea. Nimepigia watu direct kwa pikipiki, kwa blenda, hata kwa kengele ya shule, na hakuna mtu aliwahi kulalamika. Nikapiga direct. Trekta ikanguruma, mzee akaizungusha kidogo tu pale mbele ya nyumba, akairusha kwa kila shimo makusudi, haikuzima hata mara moja. Aliporudi nilikimbia nikamzimia na ufunguo mwenyewe, nikampa mkono ashuke kama mheshimiwa.

"Umeweka swichi mpya?"

"Iko sawa, mzee."

(Angalieni hilo jibu vizuri. Si uongo, lakini ukweli pia haumo.) Akanipiga bega, akaniita "fundi kweli" mbele ya Njeri, na mimi nikavimba kichwa, na hapo ndipo ningesema kitu na sikusema. Nilitaka huyo mzee anipende, basi.

Kile sikujua, kwa sababu sikuuliza, ni vile mzee huzima trekta yake. Mtu wa kawaida anatoa gia, anazima visu, anazungusha ufunguo. Baba Njeri, miaka hiyo yote, husimama tu. Anasimama, inakufa, anaenda zake.

Jumamosi ikafika, na watu wangu, ambao hata mazishini huchelewa, wakafika mapema. Mzee alikuwa bado juu ya trekta anamalizia mistari ya mwisho, na ng'ambo ya uwanja mamake, Shosho, amekalishwa kwa kiti cha plastiki mbele ya tenti, blanketi kwa miguu. Shosho hasikii vizuri, na bila fimbo na mtu wa kumshika hawezi kuinuka. Mzee kuona wageni wanaingia getini, akafurahi, akasimama, akashuka, akaja na mikono imefunguliwa.

Trekta haikusimama. Gia iko ndani, visu zinazunguka, kiti hakina mtu, na imeelekea kwa Shosho moja kwa moja.

Mzee aligeuka akaitazama kama mtu ametukanwa na mtoto wake. "Zima!" akaiambia. Senge Beatrice, dadake baba yangu, akaangusha kikapu, kuku akatoka akaruka juu ya meza ya chai, watu wakapiga nduru, na ile kitu ikapita juu ya maua ya plastiki waliyopanga kando ya njia ikayatema vipande vipande kwa suti za wazee wetu. Haikuwa mbio, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, ilikuwa inatembea tu mwendo wa mtu, na Shosho anaiangalia ikija akitabasamu, anadhani ni sehemu ya sherehe.

Nilikimbia vile sijawahi kukimbia. Nikaruka kutoka nyuma, nikaangukia kiti na tumbo, suruali ya suti ikapasuka huko nyuma kotekote, wakwe wakaona yote. Mkono haukufika kwa ufunguo. Ulifika chini ya kiti. Nikazishika zile waya zangu, nikavuta na nguvu zote, na trekta ikakohoa ikanyamaza, blanketi la Shosho liko pale ningeweza kuligusa nikinyoosha kidole.

Njeri alikuwa ameshafika, amemkumbatia Shosho na kiti chake. Mimi nikabaki nimelala vile vile, matako juu, nasema asante Mungu, asante Mungu, mpaka nikaona viatu vya mzee.

"Ni nini hiyo umeshika?"

Nilikuwa nimeshika waya, na tepu nyeusi bado inaning'inia. Nikamwambia yote, hapo hapo, nimelala. Ni Senge ndio aliongea kwanza: "Wafula, baba, tumekuja kuomba msichana ama tumekuja kuua watu?"

"Mambo ya Njeri hatutaongea leo," mzee akasema. "Kuleni mwende salama. Na wewe ukirudi hapa, urudi na swichi." Tulikula pilau, mimi na leso ya Senge kiunoni.

Niliagiza zote tatu, nikangoja, na usingizi haukuwa unakuja, nikifunga macho naona tu hilo blanketi. Zilipofika nikazifunga moja moja, nikazipima na mita, nikabadilisha hata waya zenyewe. Mzee akakaa, akasimama, ikazima. Akarudia, ikazima. Tangu siku hiyo mtu akija kibandani akiniambia "fundi, piga tu direct," namwambia atafute fundi mwingine, na wengine wameenda, na waende.

Sasa, siku hiyo ya swichi, Shosho akatoka nyumbani na fimbo yake, Njeri amemshika, akasema kwa Kikuyu kitu kilichofanya Njeri ashtuke. Alitaka kukalia trekta. Tukampandisha, mimi nikaiwasha, visu zimezimwa, gia nje. Akaisikiliza kidogo. Akajiinua na mkono wa Njeri, ikazima. Akakaa tena, nikawasha, akainuka, ikazima. Hapo akaanza kucheka, akaniangalia mimi nimekunja uso natoa jasho, akamwambia mwanawe kitu kirefu.

"Amesema nini?" nikauliza.

Njeri alikuwa analia na kucheka pamoja. "Anasema uwapigie watu wako warudi."

Nikakaa chini kwa nyasi ya mzee, na hakuna mtu alinifukuza.